Mzee Posta na Mambo Yake ya Pembeni

Jina lake silitaji, na si kwa sababu ya heshima. Yeye pia hakunitaja.

Soko zima la Keumbu tulimwita Mzee Posta, kwa kuwa alikaa miaka mingi nyuma ya dirisha la posta ndogo, akiuza stempu na kugonga mihuri. Hata alipostaafu, na lile dirisha likageuzwa kuwa duka la simu, jina lilibaki naye. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, wengine watawaambia. Mimi nitasema niliyoyaona kwa macho yangu, na lile moja nililolisikia kwa masikio yangu.

Watu walimjua kwanza kwa yoyo. Alikuwa mtu mzima, mwenye koti la kijivu na viatu vilivyopigwa rangi, na mfukoni alibeba visahani viwili vya mbao vilivyoshikana katikati, vimezungushiwa uzi. Ungemkuta amesimama nje ya kinu cha kusaga mahindi akingoja unga wake. Mkono ungeshuka, yoyo ingeteremka mpaka karibu na viatu, na pale chini ingebaki inazunguka bila kupanda. Yeye alisema imelala. Wakati imelala aliendelea kuzungumza nawe habari za bei ya viazi kana kwamba mkono ule ni wa mtu mwingine. Halafu kidole kilitikisika kidogo, na yoyo ikapanda mbio kurudi kiganjani.

Ya kwanza aliinunua Kisii mjini, kwenye duka la vyombo la mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa bingwa wa kuzungusha pia, ile ya mbao inayochezwa kwa kamba, tangu utoto wake. Urafiki wao ulikuwa wa ajabu. Mzee Posta alikuwa akienda mjini kununua balbu ya taa, anarudi jioni bila balbu, amefurahi, vidole vimechubuliwa na kamba. Wale wawili walizungusha pia kwenye sakafu ya stoo, katikati ya masufuria, mpaka mke wa mwenye duka alipowafukuza na ufagio. Hilo alilisimulia mwenyewe, na alipolisimulia aliigiza ufagio.

Mimi alinijia kwa ajili ya uzi. Nina mashine ya kufuma, nafuma masweta ya shule kwenye kibanda kando ya soko. Siku hiyo aliweka yoyo mezani kwangu akaniambia, "Fundi, nyuzi za dukani zinakatika. Nisokotee wa pamba, mwembamba lakini usiwe dhaifu." Nilijaribu mara kadhaa. Kila nilipompa alikwenda nao nje, akaujaribu, akarudi akitikisa kichwa. Uliomfaa ulipopatikana hakunisifu. Alilipa, akaingiza mkono kwenye mfuko wa pili wa koti, akaniwekea yoyo nyingine juu ya meza. "Hii ni yako. Mtu anayejua uzi namna hii asiishie kwa masweta."

Tulikuwa tunakutana kwake Jumapili baada ya chakula cha mchana, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato na Mzee Posta hakugusa yoyo siku hiyo hata kuihamisha kutoka kiti hadi kiti. Boma lake lilikuwa na uwanja mdogo wa saruji aliouweka makusudi. Hatukuwa wengi. Alikuwepo katekista mmoja wa Kikatoliki aliyerusha maparachichi matatu hewani bila kuangusha hata moja. Alikuwepo Ombati, kijana wa bodaboda, aliyeleta kendama, ile nyundo ya mbao yenye vikombe na mpira wa mbao uliofungwa kwa kamba, unaourusha juu na kuudaka. Wakati mwingine walikuja walimu wawili watatu na pia zao. Mgeni akija, Mzee Posta hakumwuliza jina wala kanisa. Alimwuliza, "Na pembeni una nini?"

Ndiyo ilikuwa imani yake. Alisema mtu wa yoyo peke yake huichoka baada ya mwezi, kwa hiyo lazima awe na kitu kingine kando, akichoka na hiki ashike kile. Katekista alifuga nyuki. Ombati alichora vichwa vya wanawake kwenye kuta za saluni, misuko ya kila aina, mizuri mpaka wateja waliingia wakionyesha kidole ukutani na kusema nataka huo. Mimi nilipoulizwa nilisema mpira. Wakacheka. Mzee Posta hakucheka. "Mpira wa kucheza au wa kutazama?" Nikamwambia wa kutazama, kila mwisho wa juma mimi na mume wangu Nyambane tulikwenda kwenye ukumbi wa video kutazama ligi za ng'ambo, na mara nyingi mimi ndiye mwanamke pekee mle ndani, na sauti yangu ndiyo kubwa. "Vizuri," akasema. "Hiyo itakutunza."

Yeye mwenyewe alikuwa na mengi. Ijumaa asubuhi alioka mikate kwenye tanuri la udongo alilolijenga nyuma ya nyumba, na kabla jua halijatua alikuwa ameigawa kwa majirani, Waadventista na Wakatoliki sawasawa. Lakini mtu huyohuyo wa kugawa mikate alificha sukari. Ukinywa chai kwake alikutilia yeye mwenyewe kijiko kimoja, tena kisichojaa, kisha mkebe unarudi kabatini na kufuli linafungwa. Alipanda mawaridi kwenye masufuria yaliyotoboka na kuyasemesha kwa Kiingereza, kwa sababu, alisema, mbegu zake zilitoka kwa walowezi wa Nyansiongo na hazikujifunza lugha nyingine. Alicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Akicheza na watoto alishindwa makusudi, kwa ustadi, mtoto asijue. Akicheza na mchungaji aliiba. Nilimwona mwenyewe akisogeza kifuniko kwa kiwiko wakati mchungaji anapiga chafya, na baadaye nilipomwuliza alijibu bila aibu, "Mchungaji ana Mungu wa kumtetea."

Na aliogopa mabata bukini. Jirani yake aliwafuga watatu, na mtu mzima yule, aliyewahi kusimama peke yake mbele ya mlango wa posta wezi walipokuja, alizunguka njia ndefu ya chini ili asipite mbele yao.

Jambo lililotufanya tumheshimu kuliko yote lilikuwa mdomo wake. Miaka yote ile pale dirishani alipitisha mikononi mwake habari za watu wote wa Keumbu. Alijua ni nani analetewa pesa na mtu asiye mumewe, ni nani mwanawe ameandika kutoka gerezani. Hakuna aliyewahi kusikia hata neno moja kutoka kwake. Wamama walijaribu kumchokonoa, akawauzia stempu. Na pale bomani kwake, mtu akianza umbea, aliikamata yoyo hewani, akaishikilia, uwanja wote ukanyamaza. "Hapa hatusemi watu," alisema. Halafu akaiachia.

Kwa hiyo watu walimwambia. Hakuuliza, hilo ndilo lililowafungua. Alikuwa anakufundisha, anasimama ubavuni mwako, macho yake kwenye uzi na si usoni mwako, na mikono yako ina kazi. Ukishughulika na fundo, ukimsikia anapumua polepole karibu nawe, maneno yalitoka yenyewe. Aliitikia "ehe" tu. Hata "pole" hakusema. Ukimaliza alikuonyesha tena namna ya kushika kidole.

Mimi nilimwambia jambo langu siku moja ya mvua, wengine hawakuja, tumekaa kwenye baraza yake nikijaribu kuufungua uzi uliojisokota vibaya.

Nitalieleza hapa, na kabla sijalieleza niseme kwamba nilimpigia Nyambane simu kumwomba ruhusa. Akasema, "Andika tu. Nani hajui?"

Tuliishi miaka mingi bila mtoto. Mama mkwe wangu alikuja kila baada ya mavuno, akakaa mezani, akatazama kuta, akamwambia mwanawe nikiwepo, "Nyambane, nyumba yako ina mwangwi." Hatimaye mimi na Nyambane tulikwenda kwa daktari Kisumu. Tuliepuka Kisii ili tusikutane na mtu tunayemjua. Daktari alitupima wote wawili, akatuambia kwa upole kwamba mimi sina kasoro. Nyambane aliugua matumbwitumbwi akiwa mvulana mkubwa, na ugonjwa ule ulimharibu. Hatazaa.

Tukiwa njiani kurudi, hata Kisii hatujafika, Nyambane akasema hewa imemwishia. Tukashuka Mosocho. Nilimnunulia hindi la kuchoma ili ashike kitu. Aliuma mstari mmoja, akatafuna, akashindwa kumeza, akatema kiganjani. Ni mtu mkubwa, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, ana mikono kama pasi za mkaa. Nilimtazama ameshika mahindi yaliyotafunwa, hajui ayatupe wapi, nikamwambia, "Tutasema ni mimi."

"Utaweza?"

"Nitaweza."

Akageuka, akalia akiwatazama wauza ndizi upande wa pili wa barabara.

Na nikaweza. Mama mkwe alisema yake, wake za shemeji zangu wakasema yao, kanisani wakaniombea kwa jina mbele ya watu, nami nikainamisha kichwa na kuitikia amina. Kila niliporudi nyumbani Nyambane aliniandalia maji ya kunawa. Tulikuwa na ligi yetu na kicheko chetu. Lakini kulikuwa na siku kifua kinajaa, na siku ile ya mvua kilijaa, nikamwambia Mzee Posta yote: daktari, matumbwitumbwi, hindi la Mosocho, mwangwi. Aliitikia "ehe." Nilipomaliza, uzi ulikuwa umefunguka na sikumbuki niliufunguaje. Akasema, "Sasa itupe chini, usiiogope." Nilirudi nyumbani nimekuwa mwepesi kama mtu aliyetua kuni.

Redio ya Kiekegusii ilikuwa na kipindi cha Jumapili saa kumi na moja, cha visa vya maisha. Wasikilizaji walituma, mtangazaji, binti mwenye sauti nzuri, akavisoma. Karibu kila nyumba ilikisikiliza. Aliyependwa kuliko wote alijiita Mpita Njia. Visa vyake vilikuwa na chumvi. Alijua mahali pa kusimama, alijua kukuonyesha sahani iliyo mezani na uso wa anayekula. Mimi na Nyambane tulimpenda. Wakati fulani alileta kisa cha mwendesha pikipiki aliyechora wanawake kwenye kuta za saluni, lakini maneno ya jina la saluni alimwachia mtu mwingine, akisingizia mkono unauma, kwa kuwa hakujua kusoma wala kuandika, na hata mkewe hakujua. Tulicheka. Nikafikiri, vijana wa kuchora saluni wako wengi, Kisii hii na Nyamira yote.

Wiki iliyofuata Ombati hakuja kwenye yoyo. Hakuja tena. Mzee Posta alisema, "Amepata kazi mahali," akaendelea kupiga viatu vyake rangi.

Jumapili yangu ilifika wakati wa mavuno. Mimi, Nyambane na mama yake tulikuwa tumekaa kwenye turubai mbele ya nyumba tukipukuchua mahindi, redio iko juu ya kiti. Mtangazaji akasema leo Mpita Njia ametuletea kisa cha mwanamke aliyebeba mzigo usio wake. Mama mkwe akasogea karibu na redio. Alipenda visa vya huzuni.

Mwanzoni hata mimi sikujua. Kisa kilianza na mwanamke anayesemwa kanisani. Mama mkwe akatikisa kichwa. "Maskini mama huyo. Na huyo mama mkwe wake ni mtu wa namna gani, asiyeona?"

Mtangazaji akasoma kwamba mume alikuwa fundi wa mageti. Mkono wa Nyambane ukasimama. Akasoma kwamba walikwenda kwa daktari wa mbali, na wakirudi walishuka Mosocho, wakanunua hindi la kuchoma, na mume hakuweza kumeza. Sikumtazama Nyambane. Nilitazama mahindi yaliyokuwa mapajani mwangu. Redio ikaendelea na ile sauti nzuri. Mama mkwe yule, ikasema, alikaa mezani, akatazama kuta, akamwambia mwanawe: nyumba yako ina mwangwi.

Mama mkwe alikuwa ameshika gunzi. Likabaki hewani. Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye redio, kisha akageuza shingo polepole akamtazama mwanawe, mwanawe akatazama chini, na hapo akajua yote.

Hakuna aliyeizima. Kisa kikaisha, likaja tangazo la chumvi ya ng'ombe. Nyambane akainuka, akapangusa makapi kwenye suruali. Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga.

"Uliniambia utaweza," akasema.

"Nilimwambia mtu mmoja tu."

"Mmoja." Akalirudia neno lile kama mtu anayeonja chakula kilichochacha. Akaingia ndani.

Kule kwenye kibanda chake cha kuchomelea hakuna aliyemcheka usoni. Watu wa Keumbu wana adabu yao. Lakini mzee mmoja aliyekuja kuchukua dirisha lake alimshika bega akamwambia, "Pole, kijana wangu," na neno hilo la huruma ndilo lililommaliza. Mwezi huo alipata kazi ya kutengeneza mabanda ya ng'ombe wa maziwa kwenye mashamba ya Nyansiongo. Alisema ni ya muda mfupi. Baadaye akasema kuna shamba jingine. Vyombo vyake vya kazi vilifuata, kisha nguo zake. Hatujaachana mbele ya mzee yeyote wala kanisani. Anaishi kule, mimi naishi huku. Timu yetu ikishinda, wakati mwingine simu inalia mara moja na kukatika.

Mama mkwe alikuja siku chache baada ya yeye kuondoka, na mkungu wa ndizi kichwani, kwa umri wake ule. Aliutua mlangoni. Alikaa kwenye turubai, akashindwa kuanza, akavuta gunia la mahindi yaliyobaki akaanza kupukuchua, nami nikakaa nikapukuchua naye. Tulimaliza gunia. Alipoinuka kwenda aliniita mwanangu. Mpaka leo ananiita hivyo, na hakuna wa kunisema mbele yake. Hilo nalo nalisema kwa sababu ni kweli, ingawa linaniuma kulisema.

Ombati alinitafuta kibandani. Hakuwa na pikipiki tena. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaokota kipande cha uzi sakafuni, akakisokota kidoleni.

"Na wewe pia alikupitisha redioni?"

"Wewe ulijuaje ni yeye?"

"Dada, ile ya kusingizia mkono nilimwambia yeye tu. Hata mama yangu hakujua." Akacheka bila furaha. "Mke wangu alisikia yuko saluni. Saluni yenyewe ni ile niliyoichora."

"Ukamwendea?"

"Nikamwambie nini? Kwamba amesema uongo? Hakusema uongo."

Hapo ndipo nilipoelewa pembeni ya Mzee Posta palikuwa na nini. Mikate, mawaridi, drafti, hayo yalikuwa ya kuonyesha wageni. Lililokuwa likimkosesha usingizi, lililomfanya avumilie kusimama ubavuni mwa watu akisema "ehe", lilikuwa hili. Mtu ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kufungua barua ya mtu, alitufungua sisi mmoja mmoja, tukiwa hai, na sisi wenyewe tulimshikia taa.

Sikwenda kumgombeza. Nilijaribu, nikafika mpaka kwenye mabata bukini, nikarudi. Nilikuwa nimempenda yule mzee. Baba yangu alikufa mapema, na nadhani Jumapili zile nilikuwa nimemkalisha Mzee Posta kwenye kiti cha baba bila kumwambia. Mtu akikuumiza hivyo, kwanza unajionea haya mwenyewe. Nilikuwa nikilala, nayakumbuka maneno niliyomwambia, na yale niliyoyasikia redioni, nayapanga kando kwa kando, na kilichoniuma zaidi ni kwamba yake yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Alikuja kibandani kama kawaida, koti la kijivu, viatu vinang'aa.

"Fundi, uzi umenikatikia."

Nyuzi za pamba zilikuwa zimepangwa nyuma yangu rafu nzima.

"Uzi umeisha," nikasema.

Aliangalia rafu. Aliniangalia. Nilifikiri atasema neno. "Basi nitapita wiki ijayo," akasema, na wiki iliyofuata alipita, nikamwambia vilevile, na baada ya hapo hakupita tena. Nilisikia amepata nyuzi za nailoni mjini. Jumapili za uwanja wa saruji zilikwisha zenyewe. Katekista alibaki na nyuki zake.

Miaka ilipita namna hiyo, mimi na yeye katika soko moja tukikwepana kama yeye na wale ndege.

Mwaka jana, wakati wa baridi ya Julai, binti yake alikuja kibandani. Anaishi Nairobi, sikuwa namjua. Alisema baba yake amepigwa na kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu, na baridi inamtesa. Masweta ya dukani hayamwingii kwa sababu ule mkono haupindi. Alitaka lenye vifungo mbele, lifumwe kwa vipimo vyake. "Amesema wewe ndiwe unayejua kazi," akasema.

Ningeweza kukataa. Nilichukua tepu.

Nilimkuta amekaa kwenye baraza, blanketi miguuni. Mawaridi yalikuwa yamebaki vijiti. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja lakini maneno yalisikika, polepole, moja moja.

"Fundi."

"Mzee. Umeamkaje?"

"Ndivyo unavyoniona."

Nikaanza na mabega. Alikuwa amekonda, tepu ilipita juu ya mfupa. Tulikuwa karibu kuliko tulivyowahi kuwa siku za yoyo, na nikajua nisipouliza nikiwa nimemshika hivi, sitauliza tena.

"Mzee, kwa nini ulifanya vile?"

Hakujifanya hajui. "Sikutaja jina."

"Hukutaja jina. Ulitaja mageti. Ulitaja Mosocho. Ulitaja mwangwi."

"Bila mwangwi," akasema, "kisa hakina nguvu."

Nilisimama na tepu mkononi. Alisema vile bila ubaya wowote, kama mimi ninavyomwambia mteja kwamba bila lastiki mkono wa sweta utalegea.

"Nilikasirika kwa ajili yako," akaendelea. "Wewe, unasemwa, unainama. Nilitaka mtu aseme. Mama mkwe wako, hakubadilika?"

"Alibadilika."

"Unaona."

"Na mume wangu yuko Nyansiongo."

Alitazama uwanja wa saruji, umeota majani kwenye nyufa. Kisha jicho lake zima likanirudia, na lilikuwa na uhai ambao sikuutarajia.

"Walipiga simu sana, kile kisa. Yule binti wa redio aliniambia hakijawahi kutokea kingine kama hicho. Mpaka leo wanauliza yule mama aliishia wapi." Akameza mate. "Aliishia wapi, Fundi?"

Niliyatazama macho yake nikaona anangoja. Alikuwa anangoja kwa njaa, na alikuwa tayari kusema "ehe".

"Inua mkono," nikamwambia.

Aliinua wa kushoto. Nikapima, nikaweka alama kwenye tepu kwa kucha. Wa kulia niliunyanyua mwenyewe, ulikuwa mzito na baridi, nikaukunjua taratibu nipate urefu. Alifumba macho. Nikafikiri amelala. Ndipo akasema, kwa sauti nyingine, isiyo ya baraza wala ya redio, ndogo kabisa:

"Mimi nina jambo langu. Sijawahi kumwambia mtu. Hata marehemu mke wangu. Nataka nikuambie wewe."

Mkono wake ulikuwa bado mikononi mwangu.

"Usiniambie, Mzee."

"Ni fupi."

"Usiniambie."

"Basi nitamwambia nani?"

Chozi lilimshuka upande ule usio na nguvu, na hakulijua, kwa hiyo hakulifuta. Nililifuta kwa pindo la blanketi. Niliurudisha mkono wake juu ya paja, nikaukunja vizuri, nikaviringisha tepu yangu.

Binti yake alinisindikiza mpaka langoni. Aliniuliza kama vipimo vimepatikana vyote, nikamwambia vyote. Akauliza kama baba yake amesema anataka rangi gani, maana yeye akimwuliza hanyanyui hata kichwa.

"Hapana," nikamwambia. "Hakuniambia kitu."